Hitimisho Kwanza

Hakuwahi kusema jambo lolote, kubwa wala dogo, bila kulitanguliza na "utafiti unaonyesha." Aliamka nayo na kulala nayo. Utafiti unaonyesha chai ya rangi inakaza mifupa. Utafiti unaonyesha anayevaa viatu bila soksi hafiki mbali maishani. Utafiti unaonyesha leo mvua itanyesha, na jua likiwaka mpaka magharibi, utafiti haukuulizwa tena. Mkewe akimwambia chumvi imeisha, alimjibu kwamba utafiti unaonyesha familia nyingi zinakula chumvi kupita kiasi, kisha akaendelea kukaa. Hata msibani, mbele ya mjane wa jirani ambaye macho yalikuwa hayajakauka, alitikisa kichwa na kusema utafiti unaonyesha wanaume ndio wanaotangulia. Mjane alimwangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyeingia sebuleni. Walimu wenzake wakamwita Bwana Utafiti, usoni kwa heshima, kisogoni kwa kicheko. Yeye alisikia heshima tu.

Alikuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi yenye madarasa kumi na moja, maktaba moja na bomba moja la maji. Pale shuleni hakuna aliyemjua kuliko mwalimu wa darasa la tano, kwa sababu huyo alikuwa mtoto wa dada yake. Nyumbani alimwita mjomba. Shuleni alijitahidi kumwita mwalimu, na ulimi ukamteleza mara kwa mara, hasa alipokasirika. Mjomba ndiye aliyebeba barua yake ya kuomba kazi, akaifikisha ofisini kwa mkono wake mwenyewe, akakaa benchi mpaka ikagongwa muhuri. Likizo mbili za chuo binti alizimalizia nyumbani kwa mjomba, akilala chumba kimoja na mabinamu zake na kula kilichopikwa na mkaza mjomba. Kwa hiyo alimdharau kimyakimya, dharau ya mtu anayekula kwenye sahani ya anayemdharau. Dharau ya namna hiyo haishibi wala haitapiki.

Sebuleni kwa mjomba, juu ya televisheni, kulikuwa na cheti ndani ya fremu ya dhahabu bandia. Kilikuwa kikubwa kuliko picha ya harusi iliyokuwa pembeni yake. Mkaza mjomba alikifuta vumbi kila Jumamosi, akiguna. Cheti kilisema kwamba mwenye nacho amehudhuria semina ya siku tatu ya kuwafundisha watoto wa shule ya msingi stadi za utafiti. Kilisema amehudhuria. Hakikusema ameelewa.

Semina yenyewe ilifundisha mambo mepesi na mazuri: mtoto aulize swali ambalo kweli hajui jibu lake, atazame, ahesabu, aandike alichokiona, na mwisho aseme amekijuaje. Siku ya kwanza mjomba alichelewa. Siku ya pili alisinzia. Siku ya tatu alisimama kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wenzake, na hiyo ndiyo siku aliyoikumbuka. Alirudi na mkoba wa kitambaa ulioandikwa maneno makubwa, na jalada lenye mfano wa ripoti. Akaisoma ile ripoti kuanzia nyuma, kama wanavyosoma watu wenye haraka ya kujua nani kafa, akaona kila kitu kimekwenda kuishia kwenye hitimisho. Akapata elimu yake.

"Msafiri asiyejua anakokwenda atafika?" aliwauliza watoto wa darasa la tano, siku ya kwanza ya somo.

"Hapanaaa!" darasa likaitikia. Walikuwa hamsini na wawili, wanne wanne kwenye madawati ya watu watatu.

"Kwa hiyo utafiti tunaanza na nini?"

Dirisha moja lilikuwa limezibwa kwa boksi, na upepo ulikuwa unalipiga kama mtu anayebisha hodi.

"Na hitimisho!" akasema, akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akalipigia mistari miwili. "Hitimisho kwanza. Ukishajua jibu, maswali yanakuja yenyewe."

Mwalimu wa darasa la tano alikuwa amekaa nyuma, akisahihisha insha. Kalamu ilimsimama mkononi. Alitaka kusema neno. Akaendelea kusahihisha insha zilizosema ng'ombe ni mnyama mwenye faida.

Utafiti wa kwanza ulihusu kunawa mikono. Hitimisho lilishaandikwa: jamii inanawa mikono. Kila mtoto alipewa dodoso, karatasi moja yenye maswali matano ya ndiyo na hapana, akaambiwa akawaulize watu kumi. Hamsini na wawili mara kumi ni watu mia tano na ishirini. Mtaa mzima haukuwa na watu wazima wengi hivyo wenye muda wa kujibu mtoto. Watoto si wajinga. Walijikunyata nyuma ya darasa wakati wa mapumziko, kalamu ya bluu, kalamu nyeusi na kalamu ya kijani zikizunguka mkono kwa mkono, wakajaza. Walijua mwandiko mmoja utawaumbua, basi watafitiwa sita wa kwanza wakawaandika kwa mkono wa kulia na wanne wa mwisho kwa mkono wa kushoto. Walimu waliokuwa wakipita waliona watoto wametoa ndimi nje kwa bidii ya kuandika kishotoshoto, wakasema darasa la tano mwaka huu lina nidhamu.

Mwalimu wao alipopitia zile karatasi, alimwita mvulana mmoja wa dawati la nyuma aliyeitwa Spika kwa ukubwa wa sauti yake.

"Huyu mtu wa nane ni nani?"

"Bibi yangu, mwalimu."

"Bibi yako si alifariki mwaka jana? Si tulikuja kukupa pole?"

"Ndiyo, mwalimu." Spika akafikiri kidogo. "Lakini alikuwa ananawa sana."

Mwalimu alimpelekea mjomba kisa kile wakati wa chai, akidhani watacheka pamoja. Mjomba hakucheka. Alikuwa amekwisha jumlisha.

"Asilimia tisini na tisa!" alisema, akipiga meza kwa kiganja. "Data safi kama pamba. Marehemu mmoja hawezi kuharibu sampuli."

Shule ikatoka kifua mbele. Mwalimu mkuu, mtu aliyekuwa anasubiri kustaafu mwisho wa mwaka na asiyetaka kusikia jambo lolote lenye miguu, alisaini ripoti bila kuifungua. Bwana Utafiti akaanza kutembea taratibu zaidi. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba ofisi ya elimu inatafuta mratibu wa utafiti kwa shule zote za msingi za eneo lile, na kwamba mtu atachaguliwa baada ya maonyesho ya mwisho wa muhula. Alishanunua tai.

Kwa ajili ya maonyesho alichagua mada nzito. *Kwa nini wanafunzi hawasomi vitabu vya maktaba?* Hitimisho aliliandika ubaoni kabla hajafuta vumbi la kipindi kilichopita: hawasomi kwa sababu ni wavivu na wanapenda televisheni. Watoto wakalinakili. Nusu yao nyumbani hawakuwa na televisheni.

Maktaba ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, baada ya stoo ya fagio. Vitabu vililetwa miaka miwili kabla na wafadhili, maboksi kumi na manne, vikapangwa kwenye rafu mpya zilizonukia gundi. Mlangoni pakawekwa kufuli la ukubwa wa kobe mdogo. Ufunguo ulikaa kwenye shada la funguo la mjomba, lililoning'inia kiunoni na kulia akitembea. Watoto walimsikia kabla hawajamwona, wakajipanga sawasawa. Sababu ya kufunga ilikuwa moja: vitabu visichafuke kabla wakaguzi hawajaviona. Wakaguzi waliviona. Kisha sababu ikawa visichafuke kabla hawajaviona tena.

Ikatokea wiki moja mjomba akaenda kwenye vikao, akamwachia mpwa wake vipindi vya utafiti. Hakuwa amejiandaa. Alisimama mbele ya darasa, akafuta lile hitimisho ubaoni, si kwa ushujaa, alihitaji tu nafasi ya kuandika tarehe. Halafu ubao ukiwa mtupu hivyo akajikuta anasema.

"Leo hatuandiki jibu. Kila mmoja atafute kitu kimoja kinachohusu maktaba, akitazame kila siku mpaka mwisho wa mwezi. Aandike alichokiona. Asichokiona asikiandike. Na mtu akimuuliza amejuaje, aseme amekipata wapi."

"Kama hatukuona kitu, mwalimu?" Spika aliuliza.

"Andika hukuona kitu."

Darasa likacheka. Kazi ya kuandika hukuona kitu ilionekana tamu mno kuwa kazi. Wengi waliisahau kabla kengele haijamaliza kulia, na yeye mwenyewe hakuikumbuka sana.

Aliyeikumbuka alikuwa msichana wa dawati la pili, mfupi, mwenye sweta la kaka yake lililomfika magotini. Walimwita Karani kwa uzuri wa mwandiko. Ndiye aliyeandika majina ya wapiga kelele, barua za kuomba ruhusa za darasa zima, na mara moja, kwa siri, barua ya mapenzi ya mtoto wa darasa la saba. Aliandika kila kitu kwa herufi zile zile za wima, hakuweka hisia upande wowote. Huyu kila mapumziko alikwenda mwisho wa korido, akausukuma mlango wa maktaba kwa kiganja, akarudi, akaandika mstari mmoja.

Mwisho wa mwezi alileta daftari. Mwalimu alilisomea mezani kwake, watoto wakiwa nje.

*Jumatatu. Nimesukuma. Kufuli. Jumanne. Nimesukuma. Kufuli. Jumatano. Kufuli. Mtoto wa darasa la nne naye alikuja kusukuma.* Ukurasa baada ya ukurasa. Siku ishirini na tatu za shule. Ishirini na moja zilikuwa kufuli. Siku ya tisa mlango ulikuwa wazi kwa sababu mlinzi alikuwa anafagia, akamfukuza. Siku ya kumi na sita ulikuwa wazi kwa sababu wageni walikuja. *Tuliitwa watoto kumi. Tulipewa vitabu vyenye nailoni. Tulikatazwa kutoa nailoni. Tulipigwa picha. Tulinyang'anywa.* Chini kabisa, chini ya mstari uliopigwa kwa rula: *Nimewauliza watoto arobaini kama wamewahi kujaribu kuingia. Thelathini na mmoja wamejaribu. Sijui kama ni wavivu.*

Mwalimu alikaa na daftari lile mapajani. Miaka tisa ya kufundisha, na hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza la kweli kuandikwa chini ya paa lile. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika: *Hivi ndivyo mtu anavyojua jambo.* Akasaini jina lake lote, na alipokuwa anasaini alijiona mtu mzuri. Hapo ndipo alipokosea, maana aliyejiona mzuri anafikiri kazi imekwisha.

Bwana Utafiti, ambaye vikao vyake vilikuwa vimekwisha zamani, akataka daftari la Karani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameteuliwa kuandika karatasi kubwa ya manila ya maonyesho. Alilisoma akiwa amesimama katikati ya ofisi ya walimu, kikombe mkononi. Alipofika siku ya tano aliweka kikombe. Alipofika siku ya kumi na sita alikaa.

"Nani kamfundisha huyu mtoto mambo haya?"

"Mimi," mpwa wake akasema.

"Umemfundisha kuwachunguza wakubwa."

"Kachunguza kufuli, mjomba. Mwalimu."

Mwalimu wa hesabu, mama mnene aliyekuwa anamenya chungwa kwenye kona, alicheka mpaka mbegu ikampalia. "Kufuli nalo lina wakubwa wake!" akasema alipopata pumzi. "Ishirini na moja kwa ishirini na tatu. Hiyo ni kama asilimia tisini na moja, Bwana Utafiti. Na safari hii hakuna marehemu ndani."

Ofisi nzima ikainamia vikombe. Mjomba hakuwatazama. Alimtazama mtoto wa dada yake, akaongea kwa upole, ule upole wake wa kufundishia wajinga.

"Sikiliza, mwanangu. Matokeo yakipingana na hitimisho, kosa liko kwenye matokeo. Hilo ni jambo la awali kabisa. Sasa mwite huyo binti arudie. Siku zile ishirini na moja aandike maktaba ilikuwa wazi, wanafunzi hawakuingia. Mbili zilizobaki aandike usafi. Manila iwe tayari Ijumaa."

"Na kama hatarudia?"

"Kwani anafanya anavyotaka yeye? Ataandika utakachomwambia." Akaokota kikombe. "Utafiti unaonyesha mtoto wa miaka kumi hana msimamo."

Mpwa wake alipofika nyumbani jioni hiyo simu ilikuwa inaita. Mama yake hakusalimia.

"Nasikia umemwanika kaka yangu mbele ya watu."

"Mama, ni daftari la mtoto tu."

"Daftari la mtoto lina wino mwekundu wa nani?"

Akavua kiatu kimoja kwa mguu wa pili.

"Mjomba wako anakisubiri hicho cheo tangu una meno ya utoto. Wewe barua yako ilipelekwa na nani? Ulikaa kwa nani? Usifikiri nimesahau kwa kuwa wewe umesahau."

"Maktaba imefungwa miaka miwili, mama. Watoto hamsini na wawili wananakili uongo."

"Na ikifunguliwa, wewe utapata nini?"

Majibu yaliyokuja yote yalikuwa ya vitabuni, na mama yake hakuwa mtu wa kujibiwa kwa vitabu. "Sitapata kitu," akasema.

"Haya. Basi." Simu ikakatika.

Karani alibaki darasani siku ya Alhamisi baada ya wenzake kutoka. Manila nyeupe ilikuwa imetandazwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, kalamu nne za rangi zimepangwa pembeni. Mwalimu alisimama dirishani, kwenye lile lenye boksi, kana kwamba kuna cha kuangalia.

"Tutaandika tofauti kidogo na daftari," akasema.

"Sawa, mwalimu."

"Jumatatu andika mlango ulikuwa wazi."

Kalamu haikulia. Karani alikuwa amelifungua daftari lake ukurasa wa kwanza, kidole juu ya mstari. "Jumatatu niliandika kufuli."

"Najua. Andika wazi."

"Na Jumanne?"

"Wazi."

"Zote?"

"Zote, isipokuwa ile ya mlinzi na ile ya wageni."

Mtoto alifikiri. Uso wake haukuwa na huzuni wala hasira, ulikuwa uso wa fundi aliyeletewa kitambaa na kuambiwa ashone upande wa ndani uwe nje. "Sasa nikiulizwa nimejuaje?"

"Hutaulizwa," mwalimu akasema.

Akaandika. Aliandika vizuri, herufi zimesimama wima, *wazi, wazi, wazi,* mpaka chini. Mwalimu alimpa peremende. Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi wa shule jirani, meza zimezungushwa ukutani, kila shule na manila zake. Kulikuwa na volkano ya karatasi, mfano wa mapafu uliotengenezwa kwa mifuko ya plastiki, na takwimu zilizokubaliana na kila mtu. Bwana Utafiti alisimama pembeni ya meza yao na tai yake mpya, mikono nyuma. Mkaguzi aliyekuja siku hiyo alikuwa mama mfupi, mtu wa maneno machache, mwenye mkoba mzito begani na viatu vya kutembelea kweli. Hakupiga makofi popote. Kwa kila mtoto alisoma, akainua kichwa, akauliza swali moja lile lile. Mwalimu wa darasa la tano alimsikia akiuliza kwenye meza ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Akafika kwao. Akasoma manila yote, taratibu.

"Mwandiko mzuri sana. Umeandika siku ishirini na moja maktaba ilikuwa wazi na wanafunzi hawakuingia. Umejuaje?"

Karani aliiangalia manila. Kisha akamwangalia mwalimu wake, bila shutuma, kama mtu anayehakikisha jina kabla ya kuliandika.

"Mwalimu wetu alisema tukiandika kitu tuseme tumekipata wapi," akasema. "Hiki nimekipata kwake. Mimi niliona kufuli."

Kwenye meza ya jirani volkano ilichagua wakati huo kutoa povu, na watoto wakashangilia. Mkaguzi hakugeuka.

"Mwalimu, ni kweli? Wewe ndiye uliyemwambia aandike hivi?"

Ilikuwa kweli. Hapo ndipo penye uchungu wote: mtoto hakukosea hata neno. Mwalimu alimwangalia mjomba wake. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, anachunguza ncha ya tai yake kwa makini, kama aliyeona doa. Lilikuwa neno moja tu la kusema, *niliagizwa*, na alikuwa nalo mdomoni. Shada la funguo lilikuwa pale pale kiunoni pa mjomba, limenyamaza kwa mara ya kwanza. Alisubiri. Akampa nafasi ya kuinua kichwa, akahesabu moyoni mpaka tano kama anavyowahesabia watoto, akafika tano.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Hapo mjomba akainua kichwa, macho makavu kabisa. "Utafiti unaonyesha walimu vijana wanapenda njia za mkato," akamwambia mkaguzi. "Tutamsaidia."

Barua ya onyo ilikuja baada ya wiki mbili, imegongwa mihuri miwili. Mwalimu mkuu alimkabidhi bila kumtazama, akamwambia aisaini na asiwe na wasiwasi, yeye anastaafu. Mkaguzi alikuwa ameandika pia kwamba maktaba ifunguliwe, na ikafunguliwa, siku nne. Siku ya tano mtoto wa darasa la pili akamwaga uji juu ya atlasi, kufuli likarudi, safari hii kwa sababu iliyothibitishwa. Taarifa ya maonyesho ilimsifu mwalimu wa taaluma kwa kukiri haraka kasoro ndani ya idara yake. Akapata cheo.

Muhula uliofuata mwalimu wa darasa la tano hakuruhusiwa kufundisha utafiti, lakini alikuwapo darasani, nyuma, na marundo yake ya insha. Mwalimu mpya wa somo aliandika mada ubaoni, ya usalama barabarani, akawauliza watoto wana maswali. Mkono wa Karani ulikuwa wa kwanza. Sweta lilikuwa limeanza kumtosha.

"Tuandike hitimisho lipi, mwalimu?"

Hakuuliza kwa kejeli. Kejeli ingekuwa faraja. Aliuliza kama karani mzuri anavyouliza kabla ya kuchafua karatasi, na mwalimu wake wa darasa akainama juu ya insha, akaweka alama ya vema kwenye sentensi iliyokuwa na makosa matatu.

Mjomba aliishi na cheo chake mwaka mmoja na miezi saba. Alipewa ofisi yenye zulia na kabati la kioo, akazunguka shule kwa shule akiwafundisha walimu kuanza na hitimisho, na waliomsikiliza waliandika kila neno. Akaanguka bafuni asubuhi moja na hakuamka. Msibani ofisa wa elimu alisoma wasifu wake, akamwita mtafiti, na watu wakaitikia kwa huzuni ya kweli; ukiambiwa jambo mbele ya jeneza nani atauliza umejuaje? Mpwa wake alikuwa jikoni na mkaza mjomba, wanaosha sahani. Sahani zile alizijua moja moja. Mkaza mjomba alisugua sufuria muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akasema kwamba sasa ataiteremsha ile fremu ya sebuleni, misumari yake inabomoa ukuta.

Katika miezi yote ile ya cheo hawakuwa wamezungumza, yeye na mjomba. Si kwa ugomvi. Mjomba hakuwa na haja naye, naye hakuwa na la kumwambia ambalo lisingeanza na kelele. Mara ya mwisho kuongea ilikuwa siku mjomba alipokuja kuaga shuleni, kabla ya kuhamia kwenye zulia. Alimkuta peke yake darasani, akajikunja kwenye dawati la watoto, magoti yakagonga ubao wa chini. Alimshukuru. Alisema mama yake amelea. Aliongea habari za ofisi mpya, za dereva, za kiti kinachozunguka. Mpwa aliendelea kusahihisha, akingoja aseme, hata kwa kupindapinda, kwamba alimwacha peke yake mbele ya yule mkaguzi. Mwishowe mjomba alisimama, akakung'uta chaki kwenye suruali, na mlangoni akageuka, anatabasamu, mtu mwenye furaha na jamaa zake.

"Yule mtoto alininyima usingizi wiki nzima," alisema. "Lakini wewe, mwanangu, hata siku moja."